Ngeli Mbili za Mdudu: Uainishaji wa Wanyama Wasio na Uti wa Mgongo katika Msamiati wa Kitui na Makueni

Utangulizi

Wakati wa mazoezi ya ualimu katika shule moja ya Makueni, mwandishi wa makala hii alionyeshwa karatasi mbili za mtihani za mwanafunzi mmoja. Katika karatasi ya Kiswahili mwanafunzi huyo aliulizwa ataje wadudu watano. Aliandika nyuki, mchwa, buibui, nge na jongoo, akapata alama zote tano. Katika karatasi ya sayansi, iliyoandikwa kwa Kiingereza, aliulizwa swali ambalo tukilitafsiri kwa Kiswahili cha kawaida litakuwa lile lile. Alitaja wanyama wale wale kwa majina yao ya Kiingereza, akapata alama mbili. Walimu wote wawili walikuwa wamesahihisha kwa haki. Mtoto alibaki akiamini kwamba mmoja wao hajui kazi yake, na aliyemshuku ni mwalimu wa Kiswahili.

Shaka hiyo ndiyo chimbuko la makala hii. Tunakusudia kueleza jinsi wanyama wasio na uti wa mgongo wanavyoainishwa kwa kufuata sifa za miili yao, kisha tuulize iwapo msamiati wa Kiswahili unaupinga uainishaji huo au una uainishaji wake wenye mantiki. Mifano mingi imetolewa Kitui na Makueni, ambako mkulima hukutana na wanyama hawa kila msimu na ambako kumkosea mnyama jina huweza kumgharimu mtu mavuno, au hata afya. Si makala ya biolojia, wala mwandishi hana mamlaka ya kuandika makala ya biolojia. Ni somo la msamiati ambalo limelazimika kuhesabu miguu.

Ngeli ya sarufi na ngeli ya biolojia

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kulitumia neno ngeli kwa maana ya kundi la nomino zinazoleta upatanisho mmoja wa kisarufi. Wanaoandika biolojia kwa Kiswahili wamelichukua neno hilo hilo na kulifanya daraja mojawapo ya uainishaji wa viumbe. Katika mpangilio wao himaya hugawanyika kuwa faila, faila kuwa ngeli, ngeli kuwa oda, oda kuwa familia, familia kuwa jenasi, na jenasi kuwa spishi. Kwa hiyo nyuki, ambaye Mkamba humwita nzuki, anapotajwa kwa Kiswahili huwa na ngeli mbili kwa wakati mmoja. Katika sarufi yumo katika A-WA. Katika biolojia yumo katika insekta. Buibui naye yumo katika A-WA, lakini ngeli yake ya biolojia ni arakinida. Hapo ndipo karatasi mbili za yule mtoto zilipoachana.

Sarufi yetu huuliza swali moja tu kuhusu mnyama: je, ana uhai? Umbo la nomino halizingatiwi sana. Kiroboto, kiwavi na kipepeo wana kiambishi ki-, lakini mzungumzaji hodari hasemi kiroboto kimeruka, husema ameruka. Nge, kupe, nzige na nyuki wana umbo la nomino za I-ZI, nao pia huvutwa na uhai wao hadi A-WA. Jambo la kuvutia hutokea pale neno mdudu linapopunguzwa. Tukisema vidudu vya maradhi vimeenea, tumeuacha upatanisho wa viumbe na kuurudia ule wa vitu, kana kwamba kiumbe akishakuwa mdogo kiasi cha kutoonekana kwa macho hupoteza haki yake ya kuwa kiumbe. Methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako hufanya vivyo hivyo. Haimtaji mlaji. Anaweza kuwa chawa, kunguni au kiroboto, ambao ni insekta, au kupe, ambaye si insekta, na ile ki- moja inawatosha wote.

Maana ya neno mdudu yenyewe ni pana kuliko tunavyokiri darasani. Uvimbe wenye usaha kwenye ncha ya kidole huitwa mdudu wa kidole, ingawa ndani yake hamna mnyama wa kuonekana. Katika zahanati za Tanzania mgonjwa huambiwa ana wadudu wa malaria, na vimelea hao si wanyama hata kidogo kwa uainishaji wa leo, sembuse kuwa insekta. Mdudu, basi, ni kiumbe mdogo anayetambaa, anayeruka au anayejipenyeza, na mara nyingi anayesumbua. Sifa hizi ni za tabia na za uhusiano wake na binadamu. Idadi ya miguu haimo.

Je, huu ni upungufu wa Kiswahili? Msomaji anayeelekea kujibu ndiyo na akumbuke historia ya taaluma yenyewe. Carl Linnaeus wa Uswidi, ambaye uainishaji wa wanyama wa leo unaanzia katika toleo la 10 la kitabu chake Systema Naturae la mwaka 1758, aligawa wanyama wote katika ngeli sita. Nne zilikuwa za wenye uti wa mgongo: mamalia, ndege, amfibia (alimowaweka na reptilia) na samaki. Zilizobaki mbili, Insecta na Vermes, yaani minyoo, zilibeba wanyama wengine wote wa dunia. Ndani ya Insecta ya Linnaeus walikuwamo buibui, nge, kupe, tandu, jongoo na hata kaa. Mtoto wa Makueni angeketi katika mtihani wa Linnaeus, angepata alama tano juu ya tano.

Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck ndiye aliyeanza kulipasua kundi hilo. Mwaka 1801 alichapisha kitabu kizima kuhusu wanyama alioamua kuwaita kwa kile wasichokuwa nacho, wanyama wasio na vetebra, na kufikia wakati huo alikwisha kuwatenga arakinida na krustasia kutoka kwa insekta. Jina tunalolitumia, wanyama wasio na uti wa mgongo, ni mwangwi wa uamuzi huo wa Lamarck. Mwandishi wa makala hii analiona kuwa jina lenye kasoro kubwa. Zaidi ya asilimia 95 ya spishi za wanyama zilizokwisha kupewa majina zimo humo. Kuliita kundi lenye karibu wanyama wote kwa pengo lake ni sawa na kuziita lugha zote za dunia isipokuwa Kilatini "lugha zisizo Kilatini". Hata hivyo jina limekwisha kukita mizizi, na hatuna budi kulitumia.

Sifa za miili yao

Tuanze na faila iliyo kubwa kuliko zote, arithropoda. Jina hilo limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja likimaanisha kiungo na jingine mguu. Wanyama wake wana miguu yenye viungo, mwili wenye pingili, na gamba gumu la nje linalofanya kazi ambayo mifupa hufanya ndani ya miili yetu. Kwa kuwa gamba hilo halipanuki, mnyama hana budi kulivua kila anapokua. Yale maganda matupu ya nyenje tunayoyakuta yameng'ang'ania magome ya miti si nyenje waliokufa. Ni nguo walizozivua.

Ndani ya arithropoda, insekta wana mwili wa sehemu tatu zinazoonekana wazi: kichwa, kifua na fumbatio, yaani tumbo. Miguu yao sita yote imeshikana na kifua. Kichwani wana vipapasio viwili, na wengi wana mabawa wakishakomaa. Nyuki ana mabawa manne. Mbu na nzi wana mawili tu, na hiyo ndiyo alama ya oda yao. Mahali pa jozi ya pili pana vijiti viwili vidogo vinavyowasaidia kujisawazisha hewani. Mende dume na mende jike, panzi, mchwa, siafu, kunguni, chawa, kipepeo na dundu wote ni insekta.

Arakinida wana mwili wa sehemu mbili, kwa kuwa kichwa na kifua vimeungana. Wana miguu minane na hawana vipapasio wala mabawa. Hawa ni buibui, nge, kupe na utitiri. Nge anayejificha chini ya mawe huko Mutomo na Ikutha ana magando mawili mbele, na mtu anaweza kudhani kwamba ni jozi ya tano ya miguu. Sivyo. Magando hayo ni viungo vya kinywa vilivyokua na kuwa vyombo vya kukamatia. Ni vyema kuongeza hapa kwamba neno papasi, linalomfanana sana kipapasio kwa sauti, ni jina la kupe laini aenezaye homa ya papasi, na kupe huyo, kama ilivyosemwa, hana kipapasio hata kimoja.

Jongoo na tandu wana kichwa, kisha mlolongo wa pingili. Jongoo ana jozi mbili za miguu katika karibu kila pingili. Tandu ana jozi moja. Mvua za vuli zinapoanza Ukambani kati ya Oktoba na Novemba, jongoo hujaa njiani, wakubwa na weusi, na watoto huwagusa ili wajiviringe. Jongoo hula majani yaliyooza wala hana sumu ya kuuma. Tandu ni mwindaji, na jozi yake ya kwanza ya miguu imegeuka kuwa meno ya sumu. Kiswahili kimewatenganisha wawili hawa kwa majina mawili yasiyokaribiana hata kidogo, na kwa mtoto atembeaye peku usiku tofauti hiyo ina thamani kuliko jina la ngeli yao.

Waliobaki tuwapitie kwa haraka. Konokono na koa ni moluska: mwili laini usio na pingili, na mguu mmoja mpana wa nyama. Konokono fulani wa maji baridi hubeba vimelea vya kichocho. Pweza na ngisi wa pwani ni jamaa zao, jambo ambalo hakuna sikio la Mswahili lingelishuku kwa kusikia majina tu. Nyungunyungu na ruba ni anelida, wenye pingili lakini wasio na miguu. Tegu ni bapa; mchango ni wa mviringo na hana pingili; wote huitwa minyoo, kama Linnaeus alivyowaita. Kuhusu bahari mwanafunzi wa Kitui hujifunza kwa maneno matupu, na maneno hayo humpotosha kidogo, kwa sababu jongoo bahari si jongoo, na kiti cha pweza hakihusiani na pweza. Hao wawili ni jamaa, wa faila moja ambayo miili yake hujengwa kwa mpango wa pande tano. Majina yao yametolewa kwa kufananisha maumbo, na kama sitiari yamefaulu sana.

Mnyama mmoja, majina mawili

Ugumu wa pili unatokana na wakati. Biolojia humfuata mnyama tangu yai hadi uzee na kumpa jina moja. Lugha ya watu humpa jina kwa jinsi anavyoonekana leo. Kiwavi na kipepeo ni mnyama mmoja aliyepitia yai, lava, pupa na utu uzima, lakini katika Kiswahili hawana hata silabi ya mzizi inayowaunganisha. Wala si lazima waunganishwe: kiwavi hula majani na kipepeo hunyonya maji ya maua, na mkulima ana ugomvi na mmoja tu.

Viwavijeshi vamizi walithibitishwa Kenya mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya kuonekana Afrika Magharibi, wakala mahindi ya Ukambani pamoja na ya kwingineko. Waingereza humwita mnyama huyu mnyoo. Kiswahili hakikukosea hivyo. Kimemwita kiwavi, yaani mtoto wa nondo. Ukimgeuza utaona miguu sita ya viungo karibu na kichwa, kisha nyuma yake vishikizo vya nyama visivyo na viungo, ambavyo havihesabiwi kuwa miguu halisi. Mnyoo hana hata mguu mmoja. Hii ni nafasi mojawapo ambapo msamiati wetu umemkaribia mtaalamu kuliko lugha aliyosomea.

Mchwa na kumbikumbi ni mfano mwingine. Kumbikumbi ni mchwa waliokomaa kwa ajili ya uzazi, wakaota mabawa na kutoka kichuguuni baada ya mvua. Tumewapa jina lao kwa sababu tunawala. Mchwa wabaki hula nyumba zetu. Hadi hivi karibuni mchwa walikuwa na oda yao wenyewe, lakini tangu uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 wataalamu wengi wamewaingiza katika oda ya mende. Anayekaanga kumbikumbi, basi, anakaanga binamu za mende, ingawa mwandishi hapendekezi jambo hili litajwe mezani.

Kwa upande wa nzige, Kiswahili kina hazina ambayo Wakenya wengi tumeiacha. Panzi na nzige hawapitii pupa. Mtoto hufanana na mzazi isipokuwa hana mabawa kamili. Mtoto wa nzige huitwa tunutu. Mwishoni mwa Desemba 2019 makundi ya nzige wa jangwani yaliingia Kenya kupitia kaskazini mashariki, na mwanzoni mwa 2020 yakafika Kitui. Waliotaga mayai ardhini waliacha kizazi kilichoangua bila uwezo wa kuruka, na hicho ndicho kizazi kinachoweza kudhibitiwa kwa urahisi zaidi kwa sababu hutembea kwa miguu. Kama neno tunutu lingekuwa hai vinywani mwetu, taarifa ya mkulima kwa afisa wa kilimo ingekuwa ya neno moja. Tulisikia badala yake "panzi wadogo wadogo", maelezo ambayo hayamshtui mtu.

Tofauti kati ya panzi na nzige nayo ilisumbua wataalamu kwa muda mrefu. Mwaka 1921 Boris Uvarov alieleza kwamba nzige wa kuhama na panzi mwingine aliyedhaniwa kuwa spishi ya peke yake ni spishi moja yenye hali mbili, ya upweke na ya kundi. Wakiwa wachache huishi kama panzi. Wakisongamana hubadilika rangi, umbo na tabia.

Gharama ya jina

Sasa turudi shambani. Makueni inajulikana kwa maembe, na mwaka 2017 serikali ya kaunti ilifungua kiwanda cha kusindika matunda huko Kalamba. Adui mkubwa wa embe ni nzi wa matunda. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga ndani. Mabuu hula nyama ya tunda, kisha tunda huanguka, nao hutoka na kuingia ardhini wawe pupa. Wengi wetu tumewaita mabuu hao funza. Neno hilo hilo hutumika Kenya kwa yule kiroboto jike ajifukiaye katika ngozi ya mguu, ambaye Watanzania humwita tekenya. Funza wa embe ni mtoto wa nzi. Funza wa mguuni ni kiroboto mzima. Mkulima anayeamini kwamba funza "wamezaliwa na uozo" wa embe hana sababu ya kuyaokota maembe yaliyoanguka na kuyazika kwa kina au kuyafungia katika mfuko wa plastiki juani. Anayejua kwamba funza ni hatua moja ya maisha ya nzi ataelewa kwamba kila embe lililolala chini ya mti ni nzi wa msimu ujao.

Nzi huyu amewahi kuwapotezea wataalamu nao jina. Mwaka 2003 alionekana Kenya kwa mara ya kwanza. Mwaka 2005 alitangazwa kuwa spishi mpya na kupewa jina Bactrocera invadens, lenye maana ya mvamizi. Mwaka 2015 kundi la watafiti lilionyesha kwamba hakuwa spishi mpya. Alikuwa Bactrocera dorsalis, nzi wa Asia aliyekwisha kuelezwa tangu 1912. Katika miaka hiyo kumi embe la Kenya lilikuwa likishukiwa kubeba mvamizi wa Afrika asiyejulikana vyema. Mwaka 2014 Kenya ilisitisha yenyewe kupeleka maembe katika soko la Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na ilianza kuyapeleka tena mwaka 2021. Kubadilika kwa jina hakukumwondoa nzi hata mmoja mashambani, lakini kuliwawezesha watafiti kutumia maarifa yaliyokusanywa Asia kwa muda mrefu kana kwamba ni ya nzi wetu, kwa sababu kweli ni yake.

Katika mashamba ya kunyunyizia maji ya Kibwezi, nyanya hushambuliwa na utitiri mwekundu. Mkulima akienda dukani akasema ana "wadudu wekundu wadogo", huenda akauziwa dawa ya insekta. Utitiri ana miguu minane; ni jamaa wa kupe na buibui. Dawa nyingi zinazoua insekta hazimdhuru sana, ila huwaua insekta na utitiri wengine wanaomla, na baada ya wiki chache wekundu wanakuwa wengi kuliko mwanzo. Wakati huo huo nyuki waliokuja kwenye maua ya shamba hilo wanarudi mzingani na sumu, au hawarudi. Katika nchi ya watu waliotundika myatu mitini tangu jadi, hasara hiyo si ndogo.

Ghalani kuna mfano mwingine. Fukusi na dumuzi wote wawili huibungua mahindi, na wote ni wa oda ya mbawakavu, wenye mabawa ya mbele magumu kama gamba. Fukusi hutambulika kwa mdomo mrefu mfano wa mkonga. Dumuzi hana mkonga. Mwili wake ni kama kipande cha mcheduara chenye milimita tatu au nne hivi, na kichwa kimefichwa chini ya kifua, hivi kwamba ukimtazama kutoka juu hukioni. Anaacha unga mwingi. Alitoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha akaingia Kenya katika miaka ya 1980. Wakulima wengi wa Kenya humwita Osama. Mwandishi wa kamusi atalikataa jina hilo, lakini mwanafunzi wa fasihi simulizi hana budi kuliandika katika daftari lake: ni istilahi iliyobuniwa na watu wenyewe, yenye tarehe ndani yake.

Gharama iliyo nzito kuliko zote ni ya kala-azar. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kitui ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa ugonjwa huu, unaovimbisha wengu na kuua asipopata mtu matibabu. Watafiti walioufuatilia huko katika miaka ya 1950 na 1960, wakiwamo Heisch, Southgate na Oriedo, walielekeza macho yao kwenye vichuguu. Mchwa hawana hatia. Anayeeneza vimelea ni nzi wa mchangani, insekta wa mabawa mawili, mwenye manyoya, mdogo kuliko mbu, ambaye hupumzika mchana katika matundu ya vichuguu yenye unyevunyevu na kutoka jioni kutafuta damu. Kwa Kiswahili hana jina lililoenea. Wengine humwita usubi, jina lenye wenyewe, wengine humwita mbu mdogo, wengi hawamwiti. Anayeketi karibu na kichuguu wakati wa magharibi ataogopa siafu na nyoka, kwa sababu hao wana majina.

Istilahi

Kumependekezwa njia mbili. Ya kwanza ni kulifinya neno mdudu liwe na maana ya insekta tu, kama baadhi ya vitabu vya sayansi vilivyofanya. Njia hii inamtaka mtoto asahau anachokijua nyumbani kila aingiapo darasani, na ndiyo iliyozaa zile karatasi mbili. Ya pili ni kuliacha neno mdudu na upana wake wa karne nyingi na kuwatumia insekta, arakinida na wenzao kama istilahi za kitaaluma. Mwandishi anaelekea huku, akikiri kwamba neno insekta halimwambii chochote mtoto wa Tseikuru.

Ndiyo maana tungependa kuona majina yanayojieleza yakitumiwa sambamba na hayo ya mkopo. Wataalamu wenyewe wana jina hexapoda kwa kundi kubwa lenye insekta ndani yake, na kwa Kigiriki maana yake ni miguu sita, basi. Mdudu wa miguu sita ni Kiswahili safi, na hakimdhulumu buibui, ambaye atabaki kuwa mdudu wa miguu minane. Kanuni hii ina mitego yake. Kupe anapoangua kutoka yaini huwa na miguu sita, na hupata jozi ya nne baada ya kujivua gamba mara ya kwanza; mwanafunzi makini aliyemkuta kupe mchanga kwenye sikio la mbuzi atamwandika kuwa insekta na atakuwa amehesabu sawasawa. Hapo mwalimu atamwonyesha kwamba mwili wake haukugawanyika sehemu tatu na kwamba hana vipapasio.

Kwa mtunga mtihani wa Kiswahili badiliko ni dogo. Pale alipozoea kuandika "Taja wadudu watano", aandike "Taja wadudu watatu wa miguu sita na wawili wa miguu minane". Yule mtoto wa Makueni angekuwa na nyuki na mchwa upande mmoja, buibui na nge upande wa pili, na jongoo mkononi akitafuta pa kumweka.